Grini Kadi ya Marekani kwa Mtafiti: Kuandaa Ombi la I-140 Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nina PhD na makala kumi, zinatosha?" "Lazima niwe na mwajiri?" "Naweza kuomba nikiwa bado Morogoro?" Majibu mafupi ni haya. Makala kumi zinaweza kutosha na zinaweza zisitoshe, maana afisa anatafuta ushahidi kwamba watu wengine wanazitumia. Mwajiri halazimiki katika njia mbili kati ya tatu zinazowahusu watafiti. Na ukiwa Morogoro, Kilifi au Kampala unaweza kutuma ombi bila kukanyaga Marekani.

Mwongozo huu unahusu fomu I-140, ombi la uhamiaji wa kudumu kwa njia ya kazi (hatua ya kwanza kuelekea grini kadi, kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) linalopokelewa na USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Hauhusu viza za muda kama H-1B (ya kazi) au J-1 (ya mabadilishano), wala bahati nasibu ya viza.

Soma hili kabla ya kulipa senti

Tangu Juni 2025 Marekani imeweka vizuizi vya viza kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika. Burundi iliingizwa kwenye orodha ya vizuizi vya sehemu mwezi huohuo, na tangazo la rais la Desemba 2025 likaiongeza Tanzania kuanzia 1 Januari 2026. Viza za uhamiaji zimo ndani ya vizuizi hivyo, na USCIS nayo ilisimamisha kutoa maamuzi kwa maombi mengi ya raia wa nchi zilizotajwa. Mambo haya hubadilika ghafla. Fungua tovuti za USCIS na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wiki ileile unayotaka kutuma, uangalie nchi yako ipo wapi. Bado kuna sababu ya kutuma mapema, kwa kuwa tarehe ya kupokelewa ndiyo inayokuwekea nafasi kwenye foleni ya kusubiri viza za uhamiaji. Ila usilipe huduma ya haraka (ada ya ziada ili ujibiwe mapema) kwa ombi ambalo afisa ameamriwa asilitolee uamuzi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti iliyo hai, pamoja na fomu zako zote za viza ukiwa Marekani (I-20, DS-2019, I-797, rekodi ya I-94).
- Vyeti na matokeo ya shahada zote. Kwa shahada za nje ya Marekani, ripoti ya ulinganisho kutoka taasisi inayotambulika, kama WES au ECE.
- Orodha kamili ya machapisho, na ukurasa wako wa Google Scholar uliosafishwa. Ondoa makala zisizo zako. Afisa akikuta moja atatilia shaka na nyingine.
- Barua pepe za shukrani kutoka kwa wahariri wa majarida uliyoyahakikia makala.
- Majina ya wataalamu 10 hivi wanaoweza kukuandikia barua. Utawatumia 5 hadi 7.
- Kadi ya benki iliyotolewa na benki ya Marekani, yako au ya mtu atakayekulipia.
- Karatasi za kipimo cha letter, yaani inchi 8.5 kwa 11. A4 tuliyoizoea ni ndefu zaidi, na katika kuskani huko mistari ya chini huweza kukatika.
- Muda. Ombi zuri huchukua miezi miwili hadi minne kulikusanya, na barua ndizo hula sehemu kubwa.

Hatua ya 1: Chagua njia

EB-1A ni ya mwenye uwezo wa kipekee. Unajiombea mwenyewe. Sheria ina vigezo 10 na unatakiwa utimize angalau 3. Watafiti wengi huingilia kwa vitatu: kuhakiki kazi za wengine, mchango wa asili wenye uzito mkubwa katika fani, na makala za kitaaluma. Kuvitimiza ni nusu ya safari tu. Tangu kesi ya Kazarian ya mwaka 2010, afisa huhesabu vigezo kwanza, kisha huuweka ushahidi wote pamoja na kujiuliza kama wewe ni miongoni mwa wachache walio kileleni mwa fani. Maombi mengi ya watafiti huangukia kwenye swali hilo la pili.

EB-1B ni ya profesa au mtafiti bora. Hapa mwajiri ndiye anayeomba, nawe huwezi kujiombea. Unahitaji uzoefu wa miaka 3 wa utafiti au kufundisha, vigezo 2 kati ya 6, na kazi ya kudumu au iliyo kwenye njia ya kuthibitishwa. Mkataba wa mwaka mmoja usio na matarajio ya kuendelea haufai. Mwajiri akiwa kampuni binafsi, lazima awe na watafiti wasiopungua 3 wa muda wote na mafanikio ya kitaaluma yanayothibitika. Ukiwa na mwajiri aliye tayari, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na inasikitisha kuona watu wakiipita bila hata kuuliza ofisi ya wageni ya chuo chao.

EB-2 NIW ni msamaha kwa ajili ya maslahi ya taifa. Kwa kawaida EB-2 humtaka mwajiri athibitishe kwamba hakupata Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo. NIW inakusamehe hilo, na unajiombea mwenyewe. Kwa kawaida unatakiwa uwe na shahada ya uzamili au zaidi, au shahada ya kwanza na miaka 5 ya uzoefu uliokuwa ukipanda. Kisha upite vipimo vitatu vilivyowekwa mwaka 2016 katika uamuzi uitwao Matter of Dhanasar: kazi unayokusudia ina thamani kubwa na umuhimu wa kitaifa, wewe uko katika nafasi nzuri ya kuiendeleza, na kwa kupima yote, Marekani itanufaika zaidi ikikusamehe sharti la mwajiri.

Unaweza kutuma EB-1A na NIW kwa wakati mmoja, kila moja na fomu na ada zake. Watafiti wengi walio katikati, wenye kazi nzuri ambayo bado haijatapakaa, hufanya vyema kuanza na NIW. Ikikubaliwa, tarehe yake ya foleni unabaki nayo hata ukija kutuma EB-1A miaka miwili baadaye.

Hatua ya 2: Kagua vizuizi vyako

Sharti la miaka miwili la J-1. Ukisoma Marekani kwa ufadhili wa serikali yao au ya nchi yako (Fulbright ndio mfano unaojulikana zaidi), huenda unadaiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Angalia viza yako na DS-2019. I-140 inaweza kukubaliwa hata kama sharti hili lipo, lakini grini kadi haitatoka mpaka ulitimize au usamehewe kupitia fomu DS-3035. Barua ya serikali yako ya kutokuwa na pingamizi huwasaidia wengi, ila aliyefadhiliwa na serikali ya Marekani asiitegemee. Kuna pia orodha ya fani kwa kila nchi zinazomletea mwenye J-1 sharti hili, iliyorekebishwa Desemba 2024. Baadhi ya waliokuwa wamefungwa waliachiliwa siku hiyo bila kujua.

Mahali ulipozaliwa. Foleni huhesabiwa kwa nchi ya kuzaliwa, uraia hauangaliwi. Mkenya aliyezaliwa Mombasa yumo kwenye kundi la nchi zote zisizo na foleni yake pekee. Mkenya aliyezaliwa Gujarat akaletwa mtoto huhesabiwa India, ambako foleni ya EB-2 ni ya miaka mingi. Mwokozi wake anaweza kuwa mwenzi: mume au mke aliyezaliwa Kenya humwezesha kutumia foleni ya Kenya.

Safari. Kutuma I-140 ni kutangaza kwamba unataka kuhamia. Mwenye F-1 (viza ya masomo) au J-1 anayepanga kwenda nyumbani kugongewa viza mpya aifanye safari hiyo kwanza, la sivyo anaweza kunyimwa viza dirishani kwa sababu hiyohiyo. Mwenye H-1B hana tatizo hilo.

Shahada ya miaka mitatu. Shahada nyingi za kwanza Tanzania na Uganda ni za miaka 3, na USCIS mara nyingi haizihesabu kuwa sawa na ya miaka 4 ya Marekani. Mwenye PhD hapaswi kuhangaika. Anayetegemea shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka 5 apate ripoti ya ulinganisho kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Andika kazi unayokusudia (NIW)

Hapa ndipo maombi mengi ya NIW yanapofia, kwa hiyo usiharakishe. Afisa hapimi cheo chako, wala umuhimu wa fani yako kwa ujumla. Anapima kazi mahususi utakayoifanya wewe.

Maelezo dhaifu ni haya: "Nitaendelea na utafiti wa malaria katika chuo kikuu cha Marekani." Malaria ni muhimu, hakuna anayebisha, lakini hapo umeeleza fani tu.

Maelezo yenye nguvu ni kama haya: "Nitatengeneza na kuhakiki kipimo cha kugundua mapema usugu wa mbu wa Anopheles dhidi ya viuatilifu, kitakachoweza kutumiwa na idara za afya za majimbo ya kusini mwa Marekani kuchagua dawa ya kupulizia kabla maambukizi hayajasambaa." Kisha unaambatisha sababu ya Marekani kujali. Mwaka 2023 watu wa Florida na Texas waliugua malaria waliyoambukizwa hapohapo nchini, jambo lililokuwa halijatokea tangu 2003. Unaambatisha tahadhari ya mwaka huo ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Unaonyesha makala zako mwenyewe za usugu wa mbu, za taasisi za utafiti kama Ifakara au KEMRI au popote ulipofanyia. Unamalizia kwa mpango: mwaka wa kwanza nini, wa pili nini, kwa vifaa vya nani, kwa fedha ipi.

Angalia kilichotokea hapo. Uzoefu wako wa Afrika Mashariki, ambao wengi huuficha wakidhani ni wa "huko nyumbani", umegeuka kuwa sababu hasa ya wewe kuwa mtu wa kuifanya kazi hii.

Tahadhari kwa wahadhiri: katika uamuzi wenyewe wa Dhanasar, utafiti wa mwombaji kuhusu mwendo wa kasi kubwa angani ulikubaliwa kuwa na umuhimu wa kitaifa, lakini kufundisha kwake hakukukubaliwa, kwa sababu faida ya darasa haikuonyeshwa kufika mbali zaidi ya wanafunzi wake. Jenga ombi juu ya utafiti, ufundishaji uutaje kama nyongeza.

Mwombaji wa EB-1A halazimiki kuandika kwa kina hiki, ila lazima aonyeshe ataendelea na fani yake Marekani: barua ya kazi, mkataba, au maelezo yake mwenyewe ya mipango.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi

Kila dai moja liwe na karatasi yake. Ukisema makala yako imenukuliwa mara 140, chapisha ukurasa wa Google Scholar wenye tarehe. Idadi tupu haimwambii afisa kitu, kwani kunukuliwa mara 60 katika hisabati kunaweza kuwa kukubwa kuliko mara 300 katika biolojia ya saratani. Kwa hiyo linganisha na fani: jedwali za kampuni ya Clarivate za Essential Science Indicators zinaonyesha makala ya fani fulani ya mwaka fulani inahitaji kunukuliwa mara ngapi ili iingie asilimia 1 au 10 ya juu. Hakuna idadi rasmi inayopitisha ombi. Anayekuuzia "kiwango cha chini" anakisia.

Halafu fanya kazi ambayo wengi huikwepa kwa uvivu: fungua makala zilizokunukuu, moja baada ya nyingine. Nyingi zitakuwa zimekutaja katika orodha ya kumi katika sentensi moja. Tafuta zile chache zilizotumia mbinu yako, zilizojenga juu ya matokeo yako, au zilizokutaja kwa jina ndani ya maandishi. Tano za namna hiyo, zikiwekwa alama ya rangi kwenye aya husika, zina uzito kuliko orodha ya kurasa 30. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotumia data zako, hataza iliyotaja kazi yako, au wizara iliyobadili dozi kwa sababu ya utafiti wenu, hivyo vitangulie mbele kabisa.

Kwa uhakiki wa makala, ambatisha uthibitisho kwamba uliukamilisha. Mwaliko peke yake hauhesabiwi.

Epuka majarida ya kulipia tu na kuchapishwa, tuzo za kununua, na uanachama ambao kila anayelipa ada huupata. Haviongezi kitu, na vinaharibu vile vizuri vilivyo kando yake.

Waraka wowote usio wa Kiingereza uwe na tafsiri kamili pamoja na tamko lililosainiwa la mfasiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Mfasiri halazimiki kuwa wa mahakama, ila usijitafsirie mwenyewe.

Mwisho, kila ushahidi uwe umekuwepo siku ombi linapopokelewa. Makala iliyochapishwa mwezi mmoja baadaye haihesabiwi kwa ombi hilo.

Hatua ya 5: Barua za wataalamu

Chukua 5 hadi 7. Mbili au tatu zitoke kwa wanaokufahamu: msimamizi wako, mshirika wa mradi. Zilizobaki zitoke kwa watu ambao hamjawahi kufanya kazi pamoja, wanaokujua kwa maandishi yako tu. Hizi za watu huru ndizo afisa huzisoma kwa makini. Wapo wapi? Kwenye orodha ya walionukuu kazi yako. Waandikie barua pepe fupi, taja makala yao iliyokutaja, omba. Wengi hawatajibu, ndiyo maana unaanza na majina 10 au zaidi.

Wengi watakuomba uwaandalie rasimu. Ni jambo la kawaida. Kosa ni kuandika rasimu sita zenye sentensi zilezile na sifa zilezile. Afisa huona mara moja, na kuna majibu ya kukataliwa yanayonukuu mistari iliyofanana. Kila barua ibebe jambo lake: huyu aeleze mbinu, yule aeleze jinsi maabara yake ilivyoitumia, mwingine athari kwa sera.

Sentensi dhaifu: "Ni mtafiti mahiri, mwenye bidii na heshima." Sentensi yenye kazi: "Tangu 2022 maabara yetu hutumia itifaki yake ya kutenganisha sampuli, imetupunguzia muda kutoka siku nne hadi moja, na ndiyo tuliyoitumia katika makala yetu iliyoambatishwa." Ya pili inathibitika kwa karatasi.

Barua iwe na nembo ya taasisi, tarehe, saini, na wasifu mfupi wa mwandishi nyuma yake.

Hatua ya 6: Barua kuu ya ombi

Kurasa 15 hadi 25. Ifuate mpangilio wa sheria: kigezo kwa kigezo, au kipimo kwa kipimo. Kila aya imalizie kwa namba ya kiambatisho, mfano "Kiambatisho 7, uk. 3". Afisa si mtaalamu wa fani yako. Eleza kwa lugha ambayo mhasibu mwenye akili ataielewa. Usiseme "kama nilivyoeleza kwenye makala" ukatarajia ataifungua.

Kipimo cha tatu cha NIW usikisahau mwishoni kwa uchovu. Eleza kwa nini utaratibu wa mwajiri haukufai: kazi inavuka taasisi moja, ni ya haraka, au ujuzi wake hauwezi kuorodheshwa kama masharti ya chini ya tangazo la kazi.

Hatua ya 7: Jaza fomu

- I-140. Pakua toleo la sasa siku unayojaza. Tarehe ya toleo iko chini ya kila ukurasa, na kurasa zote lazima zilingane.
- Sehemu ya aina ya ombi: kuna kisanduku cha shahada ya juu *bila* msamaha na kingine cha NIW. Kuweka alama cha kwanza ni kosa la kila siku, na unaweza kukataliwa kwa sababu huna cheti cha Wizara ya Kazi kinachothibitisha kwamba mwajiri hakupata Mmarekani.
- Maswali ya mwombaji: onyesha wazi kwamba unajiombea. Jibu hilo ndilo linalopanga ada.
- Chagua kama utamalizia ndani ya Marekani au ubalozini. Aliye nje aandike jiji la ubalozi.
- Kwa NIW peke yake, ongeza fomu ya Wizara ya Kazi ETA-9089, Nyongeza A pamoja na ukurasa wa uamuzi wa mwisho uliousaini. Hizi hazipelekwi Wizara ya Kazi, unaziweka ndani ya pakiti. EB-1A na EB-1B hazihitaji.
- I-907 ukitaka huduma ya haraka.

Saini kwa wino na mkono. Skani ya saini ya wino inakubalika, saini iliyochapwa kwa kompyuta hairuhusiwi.

Majina yetu yanaleta shida. Pasipoti ina majina matatu, makala zina herufi mbili na jina la babu, cheti cha chuo kina jina la ubatizo. Weka ukurasa mmoja unaoorodhesha kila namna jina lako lilivyoandikwa na wapi, na jaza majina mengine yote kwenye fomu. Tofauti ikiwa kubwa, ongeza hati ya kiapo.

Hatua ya 8: Lipa

Tangu 1 Aprili 2024, I-140 ni dola 715. Juu yake kuna ada ya mpango wa hifadhi: dola 300 kwa anayejiombea na kwa mwajiri mdogo wa watu 25 au pungufu, dola 600 kwa mwajiri mkubwa, na 0 kwa shirika lisilo la faida, vikiwamo vyuo vikuu visivyo vya faida. Anayejiombea hulipa jumla dola 1,015, ila kwa malipo mawili tofauti.

Huduma ya haraka ilikuwa dola 2,805 na kuanzia 1 Machi 2026 ni 2,965. Inakupa jibu ndani ya siku 15 za kazi kwa EB-1A na EB-1B, na 45 kwa NIW. "Jibu" linaweza kuwa kuombwa ushahidi zaidi, na saa huanza upya ukishajibu. Usiilipe kama foleni yako bado iko mbali na huna haraka nyingine. Fedha hiyo ingelipa wakili wa kupitia rasimu.

Kuanzia 28 Oktoba 2025 hundi za karatasi hazipokelewi. Unalipa kwa G-1450 (kadi) au G-1650 (akaunti ya benki), na zote mbili zinataka benki ya Marekani. Kadi ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi haitapita. Ndugu au rafiki aliye Marekani anaweza kujaza na kusaini G-1450 kwa kadi yake. Jaza fomu moja kwa kila malipo, na umwombe aipigie benki simu kabla, maana kadi ikigoma pakiti nzima hurudishwa.

Hatua ya 9: Panga na utume

Mpangilio unaofanya kazi: fomu za malipo juu, I-907 kama ipo, I-140, ETA-9089, barua kuu, orodha ya viambatisho, kisha viambatisho. Chapisha upande mmoja. Usitie pini, usijalidi, usiweke kwenye faili la pete. Karatasi zote zitaskaniwa. Weka karatasi ya kichwa kati ya viambatisho. Tuma nakala, vyeti halisi vibaki kwako.

Anwani hutegemea jimbo na kama kuna I-907, na hubadilishwa mara kwa mara. Ichukue kwenye ukurasa wa anwani za I-140 wa USCIS siku ya kutuma, na utumie kampuni ya usafirishaji yenye namba ya kufuatilia. Skani pakiti nzima kabla haijaondoka. Ukiombwa ushahidi zaidi baada ya miezi minane, utahitaji kujua ulimwambia nini afisa.

Hatua ya 10: Baada ya kupokelewa

Utapata risiti I-797C. Tarehe iliyomo ndiyo tarehe yako ya foleni. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje hutoa Taarifa ya Viza. Tarehe yako ikiwa kabla ya iliyoandikwa, au kukiwa na herufi C, zamu yako imefika. Kwa waliozaliwa Afrika Mashariki EB-1 kwa kawaida huwa wazi. EB-2 imekuwa ikiwekewa tarehe ya kikomo kwa vipindi virefu tangu mwishoni mwa 2022.

Zamu ikifika, aliye Marekani hutuma I-485, ombi la grini kadi yenyewe (dola 1,440 kwa mtu mzima), pamoja na fomu ya daktari I-693, ambayo tangu Desemba 2024 lazima iwemo tangu mwanzo. Aliye nje hujaza DS-260, ombi la viza ya uhamiaji, na kwenda ubalozini. Mwenzi na watoto wasioolewa wala kuoa walio chini ya miaka 21 huingia nawe. Cheti cha kuzaliwa huhitajika hapa, kwa hiyo walio na tangazo la kuzaliwa tu waanze mapema RITA (wakala wa usajili wa Tanzania), au ofisi ya usajili ya Zanzibar au ya Kenya.

Matatizo na namna ya kuyashughulikia

*Pakiti imerudishwa.* Si kukataliwa. Karatasi ya juu itasema sababu: ada, toleo la fomu, saini au anwani. Rekebisha utume tena. Ila tarehe ya foleni itakuwa ya mara ya pili.

*Umepata RFE, barua ya kuombwa ushahidi zaidi.* Una hadi siku 84, zikiongezwa 3 za posta ukiwa Marekani au 14 ukiwa nje. Unajibu mara moja tu, kila kitu ndani ya pakiti moja, na barua ya RFE juu. Soma afisa amekubali nini na amekataa nini. Usirudie hoja aliyokwisha kuikubali. Akisema "hujaonyesha uzito mkubwa", kumpa barua nyingine tatu za sifa hakutasaidia. Mpe mtu aliyetumia kazi yako na karatasi inayothibitisha.

*Umepata NOID, taarifa ya kusudio la kukataa.* Muda ni siku 30. Tafuta wakili siku hiyohiyo.

*Umekataliwa.* Una siku 30 (33 ukipelekewa uamuzi kwa posta) za kukata rufaa au kuomba lifunguliwe upya kwa I-290B. Afisa akikosea sheria, kata rufaa. Ushahidi ukiwa ndio uliokuwa mdogo, ni afadhali ungoje ukue kisha utume ombi jipya. Hakuna katazo la kurudia, ila mara zijazo lazima ukiri kwenye fomu kwamba uliwahi kutuma.

*Unabadilisha maabara ombi likiwa njiani.* EB-1B imefungwa kwa mwajiri, zungumza na wakili kwanza. EB-1A na NIW zinakufuata, mradi kazi mpya ibaki ndani ya kile ulichosema utakifanya. Mtafiti wa usugu wa mbu anayehamia kampuni ya kuchambua data za mikopo ameliacha ombi lake.

*Mtu anakuahidi "asilimia 100" kwa ada.* Anayeruhusiwa kutoa ushauri wa kisheria wa uhamiaji ni wakili mwenye leseni ya jimbo au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali ya Marekani. Leseni ya wakili hukaguliwa bure kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo lake, na tovuti halali za serikali huishia na .gov. Akikuomba usaini fomu tupu, ondoka.